Mota ya shangazi yangu huku Koboko iliungua mara ya pili ikiwa imesukwa sawasawa: nilichokuta

Wakuu, nawasalimu kutoka Koboko, huku juu kabisa Uganda, tunapopakana na Sudan Kusini na Congo.

Nitawasimulia jambo kama lilivyokuwa. Pale nilipopotea nitasema nilipotea, na pale ambapo hadi leo sielewi nitasema sielewi, maana humu kuna mainjinia wa kweli na sitaki kuvuliwa nguo mbele za watu.

Kazi yangu ni kusuka mota, yaani kutoa waya ulioungua ndani na kuweka mpya. Chuo sikwenda. Nimejifunza kwa video, kwa PDF za kudownload, na kwa mota ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Kiswahili nimekipata nyumbani, baba alikuwa mwanajeshi na kambini hiyo ndiyo ilikuwa lugha ya wote. Kilichobaki nimekisoma humu humu jukwaani.

Jambo moja mlijue kabla hatujaenda mbali. Nina wasiwasi wa kupindukia na kazi yangu. Nikihesabu mizunguko ya koili, nahesabu tena. Nikishafunga mota naifungua kuhakikisha kwamba niliifunga. Mteja mmoja aliwahi kuniuliza kama mota yake nimeilaza wodini.

Sasa, shangazi yangu Sauda, dada wa baba, ana mashine ya kusaga karibu na soko. Ni mjane, mume wake naye alikuwa askari. Wanawake wanamletea mahindi na mihogo mikavu hata kutoka Dranya, kwa sababu unga wake ni laini.

Mota yake ilipoungua mara ya kwanza alinipa mimi. Nikaisuka. Ikakimbia vizuri, haikutetemeka, haikupata joto. Kabla mvua hazijaisha, ikaungua tena.

Nilipofika, kibanda kizima kilikuwa kinanuka vanishi iliyoungua. Wanawake wamekaa juu ya magunia yao. Shangazi akaniangalia kuanzia viatu.

"Wewe kijana. Hii mota uko nasuka ama uko napika?"

Walicheka wote. Mimi sikucheka.

Akasema nisuke tena, lakini hii ndiyo ya mwisho. Ikiungua, mota anaiuza na injini ya dizeli ya marehemu mume wake inarudi. Mnaoijua dizeli ndani ya kibanda cha mabati mtanielewa. Moshi wa ile injini ulimharibu kifua, daktari alishamkataza kuikaribia, na ndiyo sababu ya yeye kuhamia umeme.

Kwa hiyo halikuwa suala la jina langu tu. Kulikuwa na kifua chake.

Nilibeba mota hadi kwangu, nikaifungua taratibu kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Nikakata koili moja moja na kuhesabu mizunguko, nikilinganisha na hesabu yangu.

Hapa niseme kitu ambacho nakionea aibu. Nilikuwa natamani nikute kosa langu. Kosa langu ningejua la kulifanya. Lakini kila koili ilikuwa sawa. Nilihesabu tena, zikawa sawa tena, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu maana yake kitu kinachoua ile mota kilikuwa nje ya meza yangu.

Kwa wasiofanya kazi hii: mota iliyokufa inajieleza. Ikikosa fezi moja, yaani njia moja ya umeme kati ya tatu, koili zinaungua kwa mafungu, nyingine nyeusi na nyingine safi kabisa. Hii ya shangazi ilikuwa imeungua yote, nyeusi sawasawa kuzunguka. Hiyo ni mota iliyobeba mzigo uliozidi, au iliyojaribu kuanza kuzunguka ikashindwa huku umeme unaendelea kuingia.

Nikajiuliza, ishindwe kuanza kwa nini?

Nikaisuka mara ya pili, nikairudisha, halafu nikaanza kukaa pale kibandani na tester yangu ya dijitali. Napima asubuhi, napima mchana, napima jioni. Volteji haikuwa nzuri sana, lakini haikuwa ya kuua mota. Asubuhi mapema ilikuwa hata juu kuliko inavyotakiwa.

"Umepata mwizi?" shangazi ananiuliza kila nikiinuka.

"Bado."

"Huyo mwizi anakuona, ndiyo maana haji."

Nikaanza kuilaumu laini ndefu. Tangu umeme wa gridi ya taifa ufike Arua mambo yetu yamebadilika sana, lakini sisi wa Koboko bado tuko mwisho wa mkia. Nilishasoma kwamba umeme ukisafiri mbali volteji inashuka njiani, na kwamba mota zinaongeza hilo tatizo. Ngoja nieleze nilivyoelewa, mtanisahihisha.

Mmeona baiskeli zinazotoka upande wa Congo zimebeba magunia matatu? Mmoja anasukuma, mwingine anashika usukani na mzigo usilale. Yule wa kushika hapeleki baiskeli mbele hata hatua moja, lakini akiachia inaanguka. Mota ina umeme wa aina mbili vile vile. Kuna unaofanya kazi ya kuzungusha, na kuna ule wa kushika tu, ambao mainjinia wanauita reactive. Huo wa kushika ukilazimika kutoka Arua kila siku, unachosha laini njia nzima na volteji huku mwisho inalegea.

Nilikuwa nimefurahi sana na huu mfano wangu. Nikapanda gari hadi Arua kuutafutia muhuri.

Kule kuna dada anaitwa Candiru, Mlugbara wa Vurra, anafanya kazi na mkandarasi wa laini kubwa. Tunafahamiana kwenye group la WhatsApp la mafundi. Tukakaa kwenye kibanda cha chai, nikamwaga yote, baiskeli na magunia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baiskeli yako ni nzuri," akasema. "Ulipima lini?"

"Kila siku."

"Sijakuuliza siku. Mashine ilikuwa inafanya nini?"

"Inasaga."

"Basi umepima homa ya mgonjwa siku anaruhusiwa kwenda nyumbani."

Yeye hakuwa ananicheka, alikuwa anakoroga chai. Akaniuliza kama najua umeme ukipotea eneo kubwa, unarudishwaje. Nikasema wanawasha.

"Hatuwashi. Tunarudisha laini moja. Tunaangalia mita, inashuka, inapanda. Ikitulia, ndiyo laini ya pili. Ukirudisha zote kwa mpigo, zote zinakuangukia."

Nikamuuliza zinaanguka kwa nini, kama umeme upo. Hapo sote tulisogeza vikombe, kwa sababu hata yeye anapenda hili swali.

Mota iliyosimama, wakuu, ndiyo mlafi. Ikiwa inazunguka inakula kiasi chake. Ikiwa imesimama na unataka ianze, kwa muda mfupi inavuta mara kadhaa ya hicho kiasi, na karibu wote ni ule umeme wa kushika. Mota nyingi zikianza pamoja, volteji inaporomoka. Na volteji ikifika nusu, nguvu ya mota kuzunguka haibaki nusu, inabaki robo. Kwa robo ya nguvu haiwezi kuanza. Kwa kuwa haijaanza, inaendelea kuvuta kama mlafi. Kwa kuwa inavuta, volteji haipandi.

Zote zimeshikana pale chini, hakuna anayemwacha mwenzake ainuke.

Niliporudi Koboko nilikuwa nasikia kama masikio yamezibuliwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye stata ya shangazi, ile boksi ya ukutani yenye kitufe cha kijani na chekundu. Na hapo nikakiona kitu ambacho nimekuwa nikikitazama miaka yote bila kukiona.

Kitufe cha kijani kilikuwa kimebanwa ndani kwa kijiti. Kijiti chenyewe kimesuguliwa hadi kinang'aa.

Kwa kawaida umeme ukikatika stata inajiachia, na ukirudi mota inabaki imelala mpaka mtu abonyeze. Wameitengeneza hivyo makusudi, hata kwa usalama, maana mtu anaweza kuwa na mkono kwenye mkanda. Ukikibana kwa kijiti, umeme ukirudi tu mota inaondoka yenyewe.

"Shangazi, hii ni ya nini?"

Akaniangalia kama nimemuuliza jua ni la nini. "Iko ya kuita watu."

Ndivyo inavyofanya kazi huku. Umeme ukikatika, wanawake wanaacha mabeseni kwenye foleni wanaenda sokoni, wanaenda kwa jamaa. Hakuna anayejua utarudi saa ngapi. Mashine ikinguruma yenyewe, ndiyo kengele, watu wanarudi mbio. Na aliyesikika kwanza ndiye anayepata hata wateja wa wengine. Zaidi ya hapo, shangazi alikuwa anaacha mahindi kwenye bakuli la juu na kilango chake wazi, ili mashine isipoteze muda, ianze na kusaga hapo hapo. Yaani mota inaamka usingizini tayari ina gunia mgongoni.

Lakini mkisema nimeshajua, mimi sikuweza kusema nimejua. Nilitaka nione. Tester ya dijitali inachelewa, inakupa namba wakati tukio limeshapita, kwa hiyo nikaazima kwa fundi redio mita ya zamani ya mshale. Nikaifunga kwenye stata, kijiti nikakiacha pale pale makusudi, nikakaa kungoja umeme ukatike.

Wakuu, haukukatika.

Umeme wa Koboko, ambao tumeutukana kwa lugha zote tulizonazo, uliamua kukaa. Siku ikapita, nyingine ikapita. Shangazi akawa anawaambia wateja, "Huyu mutoto ya kaka yangu anaomba umeme ife. Mkimsikia anaomba dua, mumupige."

Ulikatika mchana mmoja wakati nimeinuka kwenda kununua mandazi. Nikarudi mbio. Nikachuchumaa mbele ya mshale, ukiwa umelala sifuri, na wanawake wakatawanyika kama kawaida yao.

Uliporudi, mshale uliruka juu, halafu papo hapo ukaanguka karibu katikati, ukaganda pale unatetemeka. Taa ya kibandani ikawa nyekundu kama kaa la moto. Mota ikawa inalia mmm, mmm, haizunguki.

Na kupitia ukuta wa mabati nikasikia kilio kingine. Halafu cha tatu, kutoka chini barabarani. Sauti ile ile, kwa wakati mmoja.

Nilivuta kijiti kwa vidole vyangu, nikabonyeza chekundu, mota ikanyamaza. Mshale ukapanda kidogo. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga ya jirani yetu Kenyi ikavuta pumzi, ikashika mwendo, mshale ukapanda tena. Halafu ile ya Haji Kasim kule chini. Ndipo mshale ukafika juu. Nikabonyeza ya shangazi kwa mkono, ikaondoka.

Nilikaa chini kwenye unga.

Wote watatu wako kwenye transfoma moja. Kenyi ni mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, na kijiti chake ni kipande cha kiberiti kilichozungushiwa karatasi. Haji ametumia mpira wa ndani wa baiskeli, umefungwa kwa ustadi ambao mimi mwenyewe niliusifu. Na kila mmoja alikuwa ameunguza mota na kumlaumu fundi wake.

Jioni shangazi akawaita. Walikaa kwenye magunia, mimi nimechora mchoro mzuri kwenye boksi la karatasi, mishale ya rangi mbili. Hakuna aliyeutazama.

"Mimi natoa kijiti, wateja wanakwenda kwa Sauda," akasema Kenyi. "Mimi siko mjinga."

"Wewe ndiyo uliiba hii mambo ya kijiti kwangu," shangazi akamjibu. "Mutu anakuja mukimbizi, ananisalimia vizuri, kumbe anaangalia ukuta yangu."

Kenyi akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuona, ni kweli. Ilikuwa kijiti muzuri."

Haji alikubali kwamba kuanza kwa zamu ni jambo la akili, mradi yeye awe wa kwanza. Kwa kuwa ni Haji. Wakarushiana maneno, mimi naendelea kueleza robo ya nguvu, na nikawa kama redio iliyosahauliwa kuzimwa.

Shangazi ndiye aliyekata. "Ijumaa mchana mimi na Haji tuko msikitini, Kenyi anaanza. Jumapili asubuhi Kenyi iko kanisani, Haji anaanza."

"Na siku zingine?" akauliza Kenyi.

Hapo ndipo penyewe palipokuwa pagumu, na wote walimwangalia yeye kwa sababu yeye ndiye mwenye wateja wengi.

"Siku zingine mimi niko wa mwisho," akasema.

Nilitaka kumzuia. Kuwa wa mwisho maana yake kengele yake ndiyo inalia mwisho.

"Shangazi, hiyo..."

"Nyamaza. Kama wanakuja kwangu kwa sababu ya kelele, waende. Kama wanakuja kwa sababu ya unga, watangoja." Halafu akajigusa kifua kwa mkono uliojaa unga. "Ile dizeli mimi sirudi."

Sheria ikawa hivi. Vijiti vyote nje. Kilango cha mahindi kinafungwa umeme ukikatika. Ukirudi, wa kwanza (Kenyi na Haji wanapokezana) anabonyeza, na wa pili anangoja asikie sauti ya mwenzake imetoka kwenye kilio na kuwa nyororo. Hawahitaji mita. Masikio yao yanajua mashine kuliko mita yoyote, tatizo walikuwa hawajawahi kusikilizana.

(Samahani, niliacha kuandika hapa, umeme ulikatika na simu ilikuwa imebakiza chaji kidogo. Umerudi. Naendelea.)

Mara ya kwanza kuijaribu, umeme ulirudi wanawake wakiwa wengi. Mimi nimechuchumaa mbele ya mshale. Shangazi amesimama, kidole kiko juu ya kijani.

Kenyi akaanza. Kilio, halafu nyororo. Mshale ulishuka, ukapanda.

Wanawake wawili wakanyanyua mabeseni yao wakaanza kuvuka barabara kwenda kwake. Shangazi aliwaona, kidole akakiacha pale pale.

Haji akaanza. Mshale ukashuka, ukapanda.

"Tayari?" akaniuliza.

Nilitazama mshale. Ulikuwa unacheza. Kidogo sana, unavuka mstari, unarudi. Nikasema bado. Nilitaka utulie kabisa. Mwanamke wa tatu akanyanyua beseni.

"Kijana. Tayari?"

"Bado kidogo, unacheza."

Nikawa nimeukodolea macho ule mshale, na nikijua ndani yangu kwamba hautasimama, kwamba hata saa zile ambazo kila kitu kilikuwa salama haujawahi kusimama, na bado mdomo haukuweza kusema tayari.

Shangazi akainama, akautazama na yeye. "Huyu iko kama wewe," akasema. "Hajui kukaa kimya."

Akabonyeza.

Mota ikalia. Mshale ukaanguka, na mimi nikaanguka nao. Halafu ukasita, ukageuka, ukapanda hadi pale ulipokuwa, ukaendelea kucheza vile vile. Mashine ikawa nyororo. Shangazi akafungua kilango cha mahindi, akapaza sauti kumwita wa kwanza kwenye foleni.

Mwanamke mmoja kati ya wale waliovuka alirudi. Wawili walibaki kwa Kenyi, na mmoja wao hadi leo ni mteja wake. Shangazi akikutana naye sokoni anamsalimia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Mota haijaungua tena. Injini ya dizeli bado iko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia ndani yake. Kijiti shangazi hakukitupa, anakitumia kuzuia mlango wa kibanda usijifunge na upepo.

Nilichojifunza, wakuu. Kwenye zile PDF neno linalorudi kila ukurasa ni stability, na mimi nilidhani maana yake ni mshale uliosimama. Nimeutafuta mshale uliosimama kwenye umeme na kwenye maisha yangu. Kumbe swali halijawahi kuwa kama utashuka, swali ni kama ukishuka unarudi. Siku hizi nikishafunga mota naifungua mara moja tu kuhakikisha. Sijapona, lakini wodi imepungua wagonjwa.

Sasa naomba mnisaidie, kwa sababu bado kuna vitu vinanikosesha raha. Asubuhi mapema volteji huku inapanda kupita kiasi, na Candiru anasema laini ndefu isiyo na mzigo inajiinua yenyewe. Nimeanza kuielewa lakini siwezi kuieleza kwa baiskeli. Pia nataka kuwashauri hawa watatu waweke kapasita karibu na mashine zao, ili yule wa kushika mzigo akae hapa hapa Koboko asitoke Arua. Naogopa asubuhi hiyo hiyo, volteji ikiwa juu, kapasita zitaipandisha zaidi.

Kama kuna aliyefunga kapasita mwisho wa laini ndefu, aniambie alizizima saa ngapi na aliunguza nini. Na kama mtaani kwenu kuna kijiti, mpira au kiberiti kwenye kitufe cha kijani, tuambieni ni cha kuita nani.

Mwenye kunisahihisha hesabu anisahihishe bila huruma. Nitazipitia tena. Mara moja.